Nusu Bilauri

Jumamosi, Duluth, karakana ya zamani ya treni
ambamo siku hizi hupikwa bia.
Solveig, miaka minne, anabisha hodi
kwenye pipa la chuma lenye kitambi kuliko mjomba wake.
"Nani yumo?"
"Hamira," anajibu mpika bia, ndevu zimejaa vumbi la shayiri.
"Wamelala?"
"Wanakula sukari."
"Usiku kucha? Na mama yao hasemi kitu?"

Bilauri yangu bado ina povu
ninapoingia chini ya meza kumtoa Nils,
shavuni ganda la karanga,
mkononi kiatu cha mtu tusiyemjua.
Nikirudi, povu limekwisha kufa.
Nainywa hivyo hivyo, chungu, vuguvugu, yangu.

Mwanamke wa meza ya dirishani anatutazama
kana kwamba tumeingia na mbuzi.
Ana haki yake.
Nami ninayo yangu: nusu bilauri.

Jioni, kwenye simu, bibi yao anauliza tulikokuwa.
Nakohoa. Solveig ananiwahi:
"Kanisani, bibi.
Dari ilikuwa juu sana,
kila mtu alishika kikombe,
na baba akafumba macho."