Huyu Salama ni Nani

Kila tarehe ishirini na nane niliandika *Salama*.
Kalamu ya bluu, kisanduku cha nne,
mstari wa Tangi Namba Mbili.
Sikupanda ngazi. Mwezi wa Juni ngazi hushika sakitu,
na miezi mingine nilikuwa na sababu nyingine.

Kiwanda chetu, nje kidogo ya Mafinga,
hulaza milingoti ndani ya bomba refu la chuma,
huisukumia dawa ya kijani mpaka kwenye kiini.
Nguzo hutoka ikichuruzika, hukauka, hupelekwa
Ludewa, Makete, kokote umeme unakosubiriwa.
Haiozi. Mchwa akiifikia hugeuka.
Mchwa hajakaa darasani hata siku moja,
hana cheti, hana koti la kung'aa,
lakini alijua kilichomo
kabla yangu mimi mwenye funguo.

Mkaguzi alikuja mara moja kwa mwaka
na simu yake ilimtangulia kwa siku tatu.
Siku tatu zinatosha kupaka njano juu ya ufa.
Ukuta wa kinga aliupima kwa macho,
sukari aliipima kwa kijiko.
"Kamwene, karani."
"Kamwene, mheshimiwa."
Tukatia saini.

Chini ya ukuta kuna mteremko, chini ya mteremko vinyungu:
mahindi ya kuchoma, maharage, majani ya maboga,
na tuta la kwanza ni la Eusebia Chavala,
hatua mia moja na kumi na mbili kutoka kwenye koki.
Najua kwa sababu nimezihesabu.
Baadaye.

Usiku ule wa Machi koki ililegea,
au ililegezwa, au ilikuwa imelegea tangu Krismasi;
taarifa tatu zina majibu matatu.
Mlinzi Ladislaus alisikia maji yakitembea
upande ambao mvua haikuwa na njia.
Akashuka na kandambili.
Miguu yake ilibabuka hadi magotini,
na mpaka leo hulala ameitoa nje ya blanketi,
katika baridi hii.

Alfajiri kijito kilikuwa na rangi nzuri.
Hilo ndilo lililotuponza: rangi ya nyasi changa.
Watoto walichovya vijiti, wakaandika majina yao kwenye mawe.
Bata saba wa Eusebia walilala wameelekea upande mmoja,
kama waliopangwa.

Sijasema habari ya mapipa.
Matupu tuliyauza getini, elfu kumi na tano moja.
Fuvu lililochorwa ubavuni lilikuwa limepaushwa na jua,
likabaki kama uso wa mtu anayecheka.
"Pipa imara hili, halivuji," niliwaambia wateja,
na kweli halikuvuja.
Lilitunza maji ya harusi. Lilitunza ulanzi wa matanga.

Kwenye mkutano wakili alinyanyua fomu zangu,
rundo zima, miaka sita, akazipepea:
"Salama, salama, salama. Mnaona wenyewe."
Eusebia hakupiga kelele. Alifunga khanga upya, akauliza:
"Huyu Salama ni nani?
Kila mwezi yupo kiwandani,
mbona bondeni hatujawahi kumwona?"
Watu walicheka. Mimi nilitazama kalamu yangu.

Sasa imekuja fomu mpya, visanduku kumi na viwili,
na mstari wa Maoni bado ni mmoja, mfupi kama kidole.
Leo ni tarehe ishirini na nane, Juni.
Nimepanda. Vidato kumi na tisa, chuma kinang'ata viganja.
Kutoka juu tuta la Eusebia ni kipande cheusi
katikati ya mboga za wengine.
Nimeandika ninachokiona:
kutu, ufa, koki iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli.
Maneno yamejaza mstari, yamepanda ukingoni,
yamegeukia nyuma ya karatasi.

Jumamosi nakwenda Ifunda.
Pipa moja liko kwa mama, chini ya bati la jikoni;
nilimpelekea mwenyewe, zawadi, juu ya lori la mbao.
Njia nzima nitajaribu kutafuta pa kuanzia,
na najua atanikaribisha, kama kawaida,
kwa kikombe cha maji.