Vibao Arobaini na Vitatu

Nilianza na chaki, si kalamu.
Jumamosi, mashine zimelala,
nikakizunguka kiwanda chetu cha korosho, Tandahimba,
nikatia alama sakafuni, ukutani,
popote mwili wangu uliposita.
Kwenye bwela ulisita mara tatu.
Kwenye ngazi ya ghala mara moja, kidato cha nne kimeoza.
Kwenye pipa la mafuta ya maganda
haukusita. Ulirudi nyuma.

Jioni nikahesabu: arobaini na vitatu.

Nyekundu ni katazo. Njano, jihadhari.
Buluu ni lazima: glavu, miwani, buti.
Kijani ni mlango wa kutokea;
kijani peke yake haimgombezi mtu.

Elfu kumi na nane kila kibao,
bati, stika, na mzigo wa basi toka Mtwara mjini.
Zidisha. Laki saba na elfu sabini na nne.
Tarakimu hizo niliziandika polepole
kama mtu aliyebeba mayai.

Mhasibu Nalyoto ana kalamu nyekundu.
"Lete laki nne," akasema. "Watu wameishi bila vibao
tangu kiwanda kifunguliwe."
Wameishi, ndiyo.
Ishirini na viwili, basi, na chenji elfu nne.
Ishirini na kimoja vibaki chaki.

Kipi kife? Usiku kucha
nilikuwa hakimu wa milango.
"Usivute Sigara" viko viwili, kimoja kiende.
"Sakafu Inateleza": wanajua, wameshaanguka.
"Karibuni Wageni," cha herufi za dhahabu,
bei yake ni ya vibao sita,
hicho nisikiguse. Kina fungu lake,
na fungu lake lina wenyewe.

Nikamwonyesha Somoe Litunu mchoro wa fuvu
na mifupa miwili iliyopishana.
Mwaka wa kumi na moja anabangua;
shule aliiona kwa dirishani.
Akauliza, "Hapa kazikwa nani?"
Nikalifuta fuvu.
Nikachora mkono, na tone juu ya mkono.
Akautazama. Akautazama na wake.
"Huyu mimi," akasema,
"ila umempa kucha nzuri."

Fomu ya maombi ina safu ya mwisho: SABABU.
Kwingine nilijaza kanuni, kifungu, ukaguzi wa Juni,
maneno yaliyopigwa pasi.
Mstari wa kumi na saba, pipa la mafuta,
nilileta kidau cha wino.
Somoe akakandamiza dole gumba:
doa jeusi, jicho la kunde,
halina mstari hata mmoja.
Mafuta yalishazila alama zote.
Ile mashine ya mahudhurio ilimkataa tangu Machi,
anaandikwa daftarini, kwa penseli,
kama deni la dukani.

Nalyoto aliishika ile karatasi muda mrefu.
Akauliza kama wino ulizidi.
"Wino wa kawaida," nikasema.
Akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha,
akajitazama kidole chake mwenyewe,
upesi, kama mtu anayeangalia saa.
Mstari wa kumi na saba hakuukata.
Ya chini yake aliikata yote.

Vibao vimekuja na basi la Alhamisi,
vimefungwa kwa gunia, kona moja imekunjika.
Mkono uko juu ya pipa sasa,
na kucha nimezifuta kwa msasa, Somoe akisimamia.

Ile elfu nne nilinunulia chaki.
Kila asubuhi kabla ya king'ora
ninavichora vile vingine, ishirini na kimoja,
nimepiga magoti, naanzia kwenye kidato cha nne.
Kufika adhuhuri miguu imeshavifuta.
Kesho yake naanza tena,
na mlinzi wa getini amezoea kunisalimia mgongo.