Betri ya Nne

Evaristo, usinishushie betri nyingine kutoka rafuni.
Leo nataka skrubu nne tu, na washa zake.
Maneno nitakupa bure.

Betri tatu umeniuzia kwa misimu miwili.
Ya kwanza ikafa, ukalaumu kiwanda.
Ya pili, ukalaumu baridi ya Januari.
Ya tatu ukazitazama mvi zangu, ukasema taratibu,
"Dona Deolinda, labda unasahau kuzima taa."
Trekta langu halina taa, Evaristo.
Lilipofuka mwaka ule Gualdino alipogonga lango la kanisa
akarudi nyumbani akicheka, na vioo mfukoni.

Ni trekta dogo, walijua,
la kupenya kati ya mistari ya mizabibu kwa kujibana tumbo.
Aliyelibuni alikosa nafasi,
akailaza betri ubavuni mwa bomba la moshi,
kiganja kimoja kati yao, nacho hakitimii.
Ndiyo kumlaza kichanga mdomoni mwa tanuri
kwa kuwa nyumba ni finyu.

Agosti, nimemaliza kulima ukingo wa chini,
nikafungua boneti, nikaweka mkono juu ya betri
nikaanza Salamu Maria.
Sikufika "umejaa neema."
Nikang'oa vifuniko: maji yamekauka,
mabamba yametokeza kama mbavu za punda mwenye njaa.

Basi nikatwaa debe la mafuta ya zeituni
nikalikata kwa mkasi wa kupogolea mizabibu
(Gualdino angefufuka kwa hasira)
nikalikunja liwe ukuta.
Nyuma yake nikaweka gome la mwaloni,
hili hili tunalolichuna kila mwaka wa tisa
likaenda kuziba chupa za watu tusiowajua.
Nililitoa kwenye mti ulioandikwa nne kwa rangi nyeupe,
ule uliobaki wima moto ulipopita kilimani,
nje makaa, ndani mbichi.
Bati likaelekea bomba, gome likaelekea betri,
na katikati nikaacha upana wa kidole, patupu.
Hewa nayo ni ukuta, mradi usiifungie.
Juu sikufunika. Betri hupumua,
na pumzi yake ikikosa mlango hulipuka.

Lakini kuna jambo ambalo hata wewe hukuniambia,
wewe na kalenda zako za ukutani.
Joto baya si la kazini.
Kazini feni inazunguka, upepo unapita.
Ukishazima,
ukalisukuma bandani, ukafunga boneti, ukaenda kula supu yako,
ndipo joto lote la chuma linapopanda kimyakimya
kutafuta pa kukaa.

Nilisimama bandani na kijiko bado mkononi.
Gualdino aliacha kazi mwezi wa Mei.
Miaka arobaini na sita ya shoka na jua, hata kikohozi hakuwa nacho.
Mei akatundika shoka. Akakaa kitini, mlango umefungwa nzi wasiingie.
Septemba mlikuja wote na kofia mikononi.

Sasa silizimi ghafla.
Naliacha lingurume polepole uwanjani, kivulini,
kwa muda wa kumenya viazi viwili,
kisha nazima, naacha boneti wazi hadi jioni.
Kuku wamezoea kulala juu ya tairi.

Jana nililima ukingo ule ule, jua lile lile.
Nikaweka mkono.
Nikapita "umejaa neema," nikapita "Bwana yu nawe,"
vuguvugu tu, kama mkate wa saa nne,
nikafika "sasa, na saa ya kufa kwetu,"
na mkono sikuuondoa.
Niliuacha pale muda, Evaristo. Sikuwa napima kitu tena.

Haya, skrubu nne. Zisizoshika kutu.
Ukuta wangu umefungwa kwa waya wiki ya tatu sasa,
na waya ni kiapo cha mlevi.
Hiyo betri irudishe juu, ipanguse vumbi.
Atakuja mwingine.
Akija, mwulize kwanza anaegesha vipi.