Namba Nne

Ntahondi karudi Mwanga na goti la chuma.
Miaka kumi na mmoja: Gent, Tromso, Larisa,
na Trnava, alikokalia benchi hadi theluji ikayeyuka.
Bao lisilofungwa nani analihesabu?

Sisi tuliona mechi moja tu,
kiingilio mia tano, kibandani kwa Gwasa,
jenereta likikohoa:
dakika ya themanini na tisa, akajifunga.
Basi. Hiyo ndiyo Ulaya yake kwetu.

Leo tunapandisha dagaa kutoka Kibirizi.
Katikati ya mlima anasimama, kashika goti.
Mtoto anateremka na mpira wa mifuko,
na mguu ule mbovu
unachomoka wenyewe,
unauchukua mpira, safi, bila faulo.

Mtoto analia.
Ntahondi anacheka mpaka dagaa wanamwagika.