Hiyo Si Tarehe

Umeme umerudi saa tano usiku, Kadutu,
na sisi watatu tumeinamia meza ya Zihalirwa:
kompyuta moja, chaja nne,
simu kumi na moja za kuazima.

Programu yetu ni huria, haina bei wala bwana.
Inahesabu zamu za likelemba:
nani ametoa, nani anapokea Jumamosi,
nani amefiwa, asidaiwe mwezi huu.
Leo tunachagua itaishi ndani ya simu zipi.

Cikuru anazitaka zote.
Huria, anasema, ni mlango usio na komeo.
Sawa, mlango. Na nani anafagia?
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
hawa wakishaingia hawashiki jembe
hata mwaka wa tano.
Kila simu ina homa yake ya usiku
na anayeamka ni mimi.

Kuna kijana wa mbali, sura yake hatuijui,
ametuomba tuongeze zile simu za bei kali;
atatusaidia, anasema, mpaka mitihani ianze.
Zihalirwa akauliza: na ikishaanza?
Tukaikata hiyo. Haikuuma.

Iliyouma ni ya chini kabisa kwenye orodha,
mtambo wa miaka kumi na miwili,
waliouunda walishausahau,
nusu ya makosa yetu yanatoka humo.
Nilikuwa nimeshaupigia mstari.

Ndipo simu moja ikalia pale mezani,
kioo kimepasuka kutoka pembe hadi pembe,
mgongo umefungwa kwa raba.
Ni ya Mama Nsimire, muuza sambaza,
mweka hazina wa wanawake thelathini na wawili.
Anapiga kwa simu ya jirani:
mmemaliza? Majina yote yamo humo,
na mimi kesho natoka saa kumi na moja.

Tukanyamaza. Mvua ilikuwa imeanza upande wa Nguba,
tuliisikia ikipanda, bati kwa bati.

Tukatoa picha. Tukatoa rangi,
na ule mlio wa sarafu niliouhangaikia wiki mbili,
ili programu iwe nyepesi, iingie.
Halafu nikaandika: mtambo huu tutautunza
mpaka simu ya Nsimire ife.

Hiyo si tarehe, akasema Cikuru.

Andika hivyo hivyo, akasema Zihalirwa.

Saa kumi na moja kasoro nilimrudishia,
nikiwa nimebadilisha raba.