Kadi ya Mvumo

Tunda lilifika Izazi ndani ya kiroba,
kubwa kama kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi,
likinuka utamu ulioanza kuchacha.
Kikoti alilitoa chini ya kiti cha lori:
"Nesi, nimeliokota Pawaga.
Tembo walipita, wakashiba, wakaliacha."
Ndani, kokwa tatu. Mapacha watatu, nikacheka,
na mkono wangu ukatafuta mizani.

Miaka thelathini na mmoja nilipima watoto zahanati,
wakining'inia, wakinipiga mateke ya kifua,
nami nikiunganisha nukta na nukta kwa peni ya bluu:
njia ya kijani, hongera mama;
ya kijivu, ongeza karanga kwenye uji;
nyekundu, hapo sikusema kitu mbele za watu.
Nilistaafu na kadi tano tupu mkobani.
Sikuziiba. Zilinifuata.

Nikachimba mashimo matatu nyuma ya jiko,
palepale mpapai uliposimama mwaka mmoja,
ukaliona jua, ukaghairi.
Udongo wa huku ukiupiga jembe unajibu.
Nikamwaga maji ya kuoshea mchele, maji ya kunawa,
na dumu la shilingi mia tano,
elfu moja siku punda wa Mgovano akigoma.
Semkonda akachungulia juu ya ua:
"Unamwagilia nini, dada, kaburi?"

Mwezi wa kwanza, hakuna.
Wa sita, hakuna.
Mstari wa bluu ukalala chini kabisa ya kadi.

Na mimi,
niliyewafukuza mama wakwe mlangoni mwa leba,
niliyesema mwacheni, njia inajifungua yenyewe,
mwezi wa kumi na nne nikachukua kisu cha jikoni
nikafukua kokwa la kwanza.

Lilikuwa jepesi, tupu, kama limeliwa.
Lakini chini yake ulishuka mrija mweupe,
mnene kama kidole gumba.
Nikaufuata kwa vidole, kiganja, kiwiko,
mpaka shavu langu likagusa ardhi ya moto,
nao bado unashuka,
kwenda kwenye maji ambayo sisi wenye ndoo hatuyajui.
Nikauvuta kidogo. Kidogo tu.
Ulikatika kwa sauti ya karoti.

Nimewahi kumpoteza mtoto wa watu kwa kuchelewa.
Huyu nilimpoteza kwa kuwahi.
Nilifukia shimo, sikumwambia Semkonda.

Kifuku kilichofuata, kwenye shimo la pili,
ardhi ilipasuka ufa mwembamba kama wa yai,
likatoka jani moja, limejikunja marinda
kama sketi ya shule siku ya Jumatatu.
Mbuzi wakalila.
Likaja jingine, kali zaidi pembeni, lenye meno,
kana kwamba chini huko lilisimuliwa habari za mbuzi.
Shimo la tatu ni kimya mpaka leo.
Silifukui. Nalimwagilia.

Lupyana, mjukuu wangu, miaka sita, anauliza:
"Bibi, shina lake liko wapi?"
Linajengwa chini kwanza, namwambia.
"Litatoka lini?"
Ukiwa na ndevu.
Akahesabu kwa vidole, vikaisha, akahesabu vyangu.
"Na wewe?"
Nikajifanya nasikia sufuria inachemka.

Kadi ya serikali inaishia miezi sitini.
Mvumo una majani manne na hauna uzito.
Nimeunganisha kadi ya pili kwa uji mzito,
nikaiona ndefu mno kwa mkono wangu.
Pale panaposema tarehe ya kurudi
nimeandika, kwa penseli, jina la Lupyana,
kisha nikabeba dumu nikatoka mbio,
maana kengele ya punda ilikuwa imeshapita kwa Semkonda.