Visa Nyuma ya Risiti

Saa saba na nusu usiku mgodi hukohoa.
Vikombe hugongana kabatini, kisha kimya.
Kiruna yote hugeukia ubavu wa pili, hulala;
mimi hufunua ukurasa.

Mchana ni dobi wa hospitali.
Risiti za mashuka zina mgongo mweupe,
na mgongo mweupe, kwangu mimi,
ni shamba lisilo na mwenyewe.

Kisa: ipo nchi inayotoza kodi ya kivuli.
Wafupi hulipa kidogo, warefu hukopa.
Msimu wa giza ukiingia, jua lisichomoze wiki nzima,
hazina inakauka,
na mfalme anaagiza taa.
(Niliishia hapo. Mashine namba nne ilianza kuvuja.)

Kisa: msafiri amerudi kutoka nyota ya mbali,
hana mvi hata moja,
ila maktaba inamdai faini ya miaka mia tatu.
Mkutubi, ambaye ni roboti, anamsamehe yote
isipokuwa ya siku ya kwanza.
Ile, anasema, ilikuwa uzembe.

Kisa: mashine ya kufulia iliyojifunza lugha ya bibi,
ile aliyochapiwa fimbo shuleni.
Bibi hayupo tena. Imebaki mashine tu
inayojua kutukana vizuri soksi ikinasa.
Wajukuu wanatia soksi makusudi.

Torgny wa ghorofa ya chini, mchimbaji, hunicheka:
"Uongo wa nyota huo, Aili.
Kila siku nashuka mita elfu na ushei,
na sijakutana na kiumbe cha ajabu ila msimamizi."

Simlaumu. Hata mimi roketi sizijali.
Injini ikianza kuelezwa naruka kurasa mbili,
kama mtu anayeruka dimbwi.
Ninachongoja ni pale nahodha,
katika weusi usio na juu wala chini,
anapopekua mizigo akitafuta chumvi.
Hapo nasimama. Hapo namjua.

Wanasema hadithi hizi ni za kesho.
Labda. Lakini kesho nyingi nilizosoma
zimevaa viatu vya jana.
Mwandishi mmoja aliwagawia watu sayari sita
na hakumpa mwanamke hata mmoja kazi
isiyokuwa ya kumimina kahawa.
Nilimwandikia pembeni kwa penseli:
*Na hayo mavazi ya anga, nani anayafua?*

Halafu mgodi ukala miguu ya mji,
ikabidi mji uhame.
Nyumba niliyozaliwa ilinipita juu ya lori,
mapazia yakiwa bado yananing'inia,
polepole, mwendo wa mtu anayesukuma kitoto kigarini.
Dirisha la chumba changu lilitazama mashariki,
kisha kusini,
kisha likanitazama mimi.
Ningeyasoma hayo kitabuni ningesema
huyu naye anatia chumvi.

Ngazi tatu zilisahaulika pale pale,
zinapanda kwenda hewani.
Nilikaa ya juu kabisa na risiti yangu.
Niliandika tarehe. Basi.
Theluji ikaifuta.

Mwezi jana Torgny aliazima kitabu,
"cha kungojea usingizi tu," alisema.
Kimerudi na alama ya dole gumba, ya grisi,
ukurasa wa mia moja na kumi na mbili,
pale wachimbaji wa mwezi fulani baridi
wanaposikia kitu kikigonga kutoka chini.

Alisimama mlangoni, kofia mkononi.
"Cha pili kiko wapi?"
Hakuna cha pili.
"Haiwezekani. Wanagonga kina nani?"
Nikamwambia sijui.
"Wewe si unaandika andika?"

Saa saba na nusu. Vikombe.
Safari hii nilihesabu: vilitikisika mara nne,
na mara ya nne ilichelewa,
kama mtu aliyekuwa akifikiri kwanza.

Nikageuza risiti.
Mashuka arobaini, foronya kumi na mbili,
blanketi moja lenye doa lisilotoka.
Upande wa pili:
*Kisa.*